Landrova Haina Shingo

Shemeji Maduhu,

Salamu sikupi. Najua barua ya namna hii watu huianza kwa upole, lakini mimi leo sina upole. Nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, pembeni ya Landrova yako, mikono ina grisi mpaka viwiko na karatasi inashika madoa. Kama huko uliko yupo mtu wa kukusomea, mwambie asiruke maneno makali. Ayasome yote, tena kwa sauti.

Shule niliishia darasa la tano, hilo unalijua, na hata hilo la tano walinivusha kwa sababu mwalimu mkuu alinihitaji kuiwasha pikipiki yake, maana ilikuwa haimsikii mtu mwingine wilaya nzima. Lakini kuandika naweza, na cha kukuandikia ninacho.

Umekufa kwa ubishi. Daktari aliandika ajali. Ndugu zako wa Mwandoya wakasema ni mkono wa mtu. Mimi, kaka wa mke wako, niliyekuonya mbele ya mashahidi, nasema ubishi. Kile cheti wangeniachia nikiandike mimi, ningeliandika neno hilo kwa kalamu nyekundu na kulipigia mstari.

Si unakumbuka tulivyoanza? Pamba ilikuwa imekuchosha. Ukasema hutapulizia dawa hata mche mmoja tena, utauza maji, kwa sababu Bariadi inajengwa kila upande na mafundi hawawezi kukoroga saruji kwa mate. Wazo zuri. Haki yako nakupa, lilikuwa wazo zuri, ingawa mimi nilikuwa nalo tangu zamani ila sikulisema. Ukainunua Landrova iliyokuwa imelala nyuma ya ghala la pamba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, tukaifufua mimi na wewe. Ekseli ya tela tuliitoa Nyashimo, kwenye pikapu iliyokuwa imekatwa. Watu wako wanasimulia kwamba tuliileta kwenye buti la basi, halafu pale stendi tukakodi mkokoteni. Mimi nasema niliibeba begani kutoka stendi mpaka kwako bila kupumzika. Shahidi pekee wa kunipinga ulikuwa wewe, na wewe umeamua kufa. Kwa hiyo sasa ni begani, na itabaki begani.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye tenki. Tela lilikuwa tayari, ekseli moja katikati na mkono wa chuma mbele, ule unaoshikwa kwa pini nyuma ya gari. Limebaki jambo moja tu, tenki la maji likae wapi. Nikakwambia likae mbele kidogo ya ekseli, ili uzito kiasi ulalie pini. Hilo sikuota. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Kigoma na kurudi, nimeona matela ya kila aina, na kuna moja tulilivuta likiwa limebeba kanisa zima la mabati, padre yuko ndani anaendelea na misa, na divai haikumwagika. Haikumwagika kwa sababu mzigo ulikuwa umekaa mbele.

Wewe ukacheka. Ukasimama mikono kiunoni kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Kulwa, wewe umekulia barabarani. Mimi nimekulia nyuma ya maksai. Mkokoteni unapakiwa nyuma ili shingo ya ng'ombe ipumue."

Ukachomelea vizuizi viwili nyuma kabisa ya tela, ukalikalisha tenki hapo, ukaenda ukaipapasa Landrova kwenye boneti kama unampapasa dume. "Pumua, baba," ukaiambia. Dada yangu Minza alikuwa jikoni anakaanga dagaa, akapaza sauti, "Jamani, kila mtu na elimu yake, njooni mle."

Landrova haina shingo, Maduhu! Nilikwambia siku ile, nikakwambia na wiki iliyofuata, na kila nilipokuona umepakia nilikwambia. Ng'ombe ukimpunguzia uzito shingoni anakushukuru. Gari ukiliondolea uzito nyuma, matairi yanakanyaga ardhi kwa vidole. Tela likianza kuchezesha mkia, lenyewe ndilo dereva na wewe ni abiria. Ulinijibu nini? "Huyu naye, na kanisa lake." Ukawachekesha na wateja.

Haya. Siku yenyewe ikaja. Nusu ya maji ulikuwa umeshaishusha kwa mteja, ukawa unateremka kuelekea darajani na nusu iliyobaki. Bodaboda waliokuwa nyuma yako ndio walionisimulia. Tela likapiga kulia, likapiga kushoto, maji yanagonga ndani kama mtu aliyefungiwa. Ukakanyaga breki kwa nguvu zako zote. Ndicho kitu ambacho hutakiwi kukifanya, na wewe ndicho ulichokichagua! Tela likaja likakupita ubavuni, likaizungusha Landrova, mkalala mtaroni.

Nilipofika walikuwa wameshakutoa. Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye vumbi, na akina mama wa pale karibu walikuwa wameshaleta ndoo. Waliponiona wakaziweka chini, wakaangalia pembeni kwa aibu. Nikawaambia wachote. Nikawafokea kabisa, chota, mnangoja nini, mnataka yaende bure? Wakachota wanalia. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia mahali tenki lilipokuwa limekaa.

Hospitali hukufika na uhai. Tukakuzika, na mvua ikanyesha siku hiyo hiyo, watu wakasema umebarikiwa. Mimi nikasema kimoyomoyo, muuza maji amekwisha ndipo maji yanakuja bure.

Sasa sikiliza walivyofanya wenzako.

Ng'wandu, kaka yako mkubwa, alikuja kutoka Mwandoya na wazee wengine wa ukoo, wale banamhala wenye fimbo na makoti mazito hata jua likiwaka. Wakaizunguka Landrova pale uani tulipokuwa tumeiburuzia, hakuna aliyeigusa. Ng'wandu akasema, "Kwetu dume lililoua mtu haturudishi zizini. Hili likatwe, vipande viuzwe mbali, mtu wa ukoo huu asipande tena." Mpaka hapo ningevumilia. Chuma ni chuma. Lakini mzee mmoja akaongeza kwamba dume haliui hivi hivi bila kutumwa. Mwingine akasema asubuhi ile ya ajali Minza alionekana anamwaga maji kwenye matairi huku anaongea peke yake.

Alikuwa anaosha tope, Maduhu! Tope ulilomletea mwenyewe jana yake uani kwake! Na kuongea peke yake ameongea tangu mtoto, anaongea na sufuria, anaongea na kuku, nilikulia chumba kimoja naye sikupata kulala vizuri mpaka alipoolewa na wewe. Mwanamke amekupikia, amekuzalia, amekuvumilia na ubishi wako, wewe umelala huko kimya, na yeye amekaa kwenye mkeka anaangaliwa mikono kama mwizi. Hiyo ndiyo zawadi uliyomwachia. Ungekufa kwa malaria, ungekufa kwa uzee, wasingekuwa na la kusema. Umekufa kwa kitu ambacho hawakijui, na wasichokijua wanakipa jina la mwanamke.

Wakapanga. Siku ya kuondoa matanga wataamua. Gari likatwe, na Minza arudi kwetu Nyashimo na kanga zake, watoto na kiwanja vibaki kwa ukoo kwa sababu ng'ombe wa mahari walitolewa. Minza alishika ncha ya kanga, akaikunja, akaikunjua. Halafu nikasimama.

"Nipeni gari hili mpaka siku hiyo ya matanga," nikasema. "Siku hiyo nitawaonyesha aliyemuua Maduhu. Mbele ya wote, mchana."

Wakadhani nitataja jina la mtu. Ng'wandu akaniangalia macho mekundu, akasema, "Ukitaja, utaje kweli." Wakakubali haraka mno. Jina ndilo walilokuwa na kiu nalo.

Basi nikalala chini ya gari lako.

Maduhu, wewe ulikuwa mtu mwongo. Watu wanasema mwongo ni mimi, lakini mimi huwa nadanganya kwa mdomo na kila mtu anajua. Wewe ulidanganya kwa spana. Kila nati niliyofungua nilikuta uongo wako. Mfuniko wa tenki la dizeli ulikuwa gunzi la mahindi limeviringishwa mfuko wa plastiki. Tundu la chini ya hilo tenki umeliziba kwa sabuni ya mche, tena umebonyeza kwa dole gumba, alama ya dole lako ipo mpaka sasa kwenye sabuni. Mpira wa rejeta umeufunga kwa vipande vya tyubu, kipande juu ya kipande, kama kidonda cha mtu asiyetaka kwenda zahanati. Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa pindo la kitenge cha Minza, kile cha njano alichokitafuta nyumba nzima akamsingizia dada wa kazi. Na pini, pini yenyewe inayoshika tela, roho ya kazi nzima! Kipande cha nondo. Umekipinda juu na kukifunga waya chini. Nilikitoa, nikakishika, nikakitupa mbali, halafu nikaenda kukitafuta kwenye majani ili nipate kukitupa tena.

Ile sabuni sijaitoa. Tundu nimeliziba kwa ndani. Usiniulize kwa nini.

Acha nikueleze kazi niliyofanya, maana hukuwahi kukubali kazi yangu ukiwa hai. Chasisi ilikuwa imepinda. Nikaifunga kwa mnyororo kwenye mwarobaini, nikaweka jeki, nikaivuta taratibu siku nzima mpaka ikanyooka, na mti nao ukanyooka. Kile chuma cha kuvutia tela ulikuwa umekichomelea kwenye bampa. Kwenye bampa, Maduhu! Bampa ni nguo tu ya gari. Mimi nimekifunga kwenye chasisi yenyewe kwa bolti nene, na chini yake nimepitisha minyororo miwili ya plau iliyopishana, ili pini ikikatika mkono wa tela uangukie kwenye minyororo usichimbe lami. Ndani ya tenki nimechomelea mabati yenye matundu, maji yapite taratibu yasikimbilie upande mmoja kwa fujo. Vizuizi vyako sijavikata. Nilivihitaji kwanza.

Breki ndizo zilizonishinda peke yangu. Mabomba yalikuwa yameingia hewa, na kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja chini afungue nati, mwingine juu akanyage. Siku zote mwingine huyo ulikuwa wewe, na siku zote ulikanyaga kabla sijasema, mafuta yananirukia usoni, unasema, "Nilidhani umesema." Nikatoka chini ya gari nikaangalia uani. Hakuna mwanamume aliyetaka kupanda, waliogopa. Minza akainuka kwenye mkeka na nguo zake nyeusi, akapanda, akakaa kwenye kiti chako.

"Niambie," akasema.

Nikalala tena chini. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Tukaenda hivyo, gurudumu kwa gurudumu. Katikati nikamsikia analia kule juu, kilio kile cha kujiziba mdomo kwa kanga. Nikafikiri nisimame. Lakini mguu wake haukuyumba. Nikisema shikilia, anashikilia. Nikisema achia, anaachia. Analia na anakanyaga sawasawa. Na mimi pale chini mafuta ya breki yaliniingia machoni, ndivyo nilivyomwambia aliponiuliza, na ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya matanga ikafika. Wakaja wengi kuliko siku ya maziko, maana habari ilikuwa imeenea kwamba Kulwa atataja mchawi. Hata watu ambao ulikuwa huwasalimii walikuja. Tenki nilikuwa nimelirudisha nyuma kabisa, kwenye vizuizi vyako, kama ulivyoliweka kwa mkono wako. Nikawaambia akina mama wajaze. Tela limeshikwa kwa pini nyuma ya Landrova, limetulia, nyuma nimeweka gogo la kulidaka. Wazee wamekaa kwenye viti, Minza kwenye mkeka, kichwa chini.

"Aliyemuua yumo humu," nikasema. Nikainama, nikatoa minyororo, nikachomoa pini.

Mkono wa tela ukaruka juu wenyewe! Ukaenda juu kama mbuzi anayefuata majani ya mti, tela likakaa chini kwa makalio. Watu wakapiga kelele, viti viwili vikaanguka, mzee mmoja alikuwa ameshafika kwenye uzio.

"Nani kalinyanyua?" Ng'wandu akauliza. Amesimama, fimbo anaielekeza kwenye tela.

"Maji, kaka. Yako nyuma, yanavuta chini, huku mbele panakwenda juu. Njoo uukalie huu mkono uone."

Akakataa. Nikamwambia, mtu aliyefukuza fisi kwa mikono mitupu Mwandoya nzima anaogopa chuma? Akaja. Vijana wakauvuta mkono chini, akaukalia, mzee mzima mwenye koti lake na kilo zake. Wakauachia. Ukapanda naye. Ng'wandu alikwenda juu, kandambili zikadondoka, na mimi nasema mpaka leo kwamba pale juu aliiona Mwandoya. Watu wakacheka, kwenye matanga yako, Maduhu, walicheka mpaka wakashikana. Yeye mwenyewe akacheka mara moja, kidogo, halafu akaacha.

Nikamshusha. Nikawaambia hicho ndicho kilichokuwa kinainyanyua Landrova kila siku mkimwona marehemu anapita na kumpungia mkono. Kwenye mteremko matairi hayakuwa na ardhi ya kushika. Hakuna aliyelituma. Aliyelipakia ni mwenyewe.

"Maneno," akasema yule mzee wa kwenye uzio. "Huyu Kulwa si ndiye wa kanisa?"

Basi nikafungulia maji, nikawaita vijana, tukalisogeza tenki mbele ya ekseli, nikalifunga, nikajaza nusu tu, kama siku ile. Nikarudisha pini, pini ya kweli, si nondo. Nikamwambia Ng'wandu apande tuteremke wote mpaka darajani, pale pale, kwa mwendo ule ule. Akasema yeye hapandi dume lililoua. Minza ndipo akainua kichwa. Akamwambia kwa sauti ndogo, "Bhabha, kama unaamini ni mimi, basi mimi niko hapa, sipandi. Wewe panda tu."

Akapanda.

Sikudanganyi, niliogopa. Mimi niliyewahi kupigana na kiboko kwenye mpunga kule kwetu niliogopa mteremko wa mtoto wa shule. Nikaliachia. Kioo cha mbele hakikuwepo, upepo unatupiga usoni, Ng'wandu ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Pale ulipoangukia nikakanyaga mafuta badala ya kupunguza. Nikachungulia kwenye kioo cha pembeni. Tela lilikuwa linakuja nyuma yetu limenyooka kama ndama anayemfuata mama yake. Halikupiga kulia, halikupiga kushoto. Tukafika darajani, nikasimama, injini ikazima yenyewe kama kawaida yake.

Ng'wandu akaiachia dashibodi. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni yeye mwenyewe."

"Ni yeye mwenyewe," nikasema.

Akajifunika uso kwa koti, akalia kwa sauti, mzee yule, kama siku ile ndiyo unakufa. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Matusi nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya kwanza, mengine ya Kisukuma, mengine niliyatoa Kigoma. Sikuyasema. Mtu akiwa na mchawi ana pa kupeleka hasira yake. Ng'wandu nilimnyang'anya mchawi wake pale darajani, nikamwachia mdogo wake mbishi aliyekwisha kufa, na ulevi wa kumtafuta mtu ukamtoka. Na mimi je? Mimi sikuwahi kuwa na mchawi. Nilikuwa na wewe tu, tangu mwanzo.

Tuliporudi aliwaambia wazee maneno machache. Gari linabaki. Mke wa mdogo wangu anabaki, na watoto wake, na kiwanja chake. Atakayemsema aje Mwandoya aniambie mimi. Wakaitikia. Yule wa kwenye uzio naye akaitikia.

Nikamgeukia Minza, nikitegemea wabeja ya kunishukuru, au hata maji ya kunawa. Unajua alifanya nini? Alinipiga. Hapa kifuani, kwa ngumi zote mbili, mbele ya watu.

"Ulijua! Ulijua kitu hiki chote na ukamwacha anateremka nacho!"

"Nilimwambia! Na wewe ulikuwepo, ulikuwa unakaanga dagaa!"

"Wewe umetuambia mangapi, Kulwa? Umetuambia kanisa. Umetuambia kiboko. Tungejuaje kwamba hili ndilo?"

Maduhu, kiboko yule nilipigana naye kweli. Alama iko pajani, wewe umeiona. Ukasema ni ya seng'enge. Ulikuwa shemeji yangu, kazi yako ilikuwa kunitania na yangu kukutania, sikatai, tulitukanana vizuri miaka yote. Lakini kati ya utani wote ule, huwezi hata siku moja kumtazama mtu usoni ukajua kwamba sasa hatanii? Nilikuwa nimekushika shati! Siku ile ya mwisho nilipokukuta unajaza, nilikushika shati, sikuwa nacheka, nilikwambia sogeza hili tenki, na wewe ukanitoa mkono taratibu, ukasema, "Nitakuletea maji jioni, shemeji, uoge upunguze joto." Ukaondoka. Hukuleta. Hayo maji bado nayangoja na siyasamehi.

Sasa mambo yako hivi. Vizuizi vyako vya nyuma nimevikata. Kioo cha mbele tumeweka. Mafundi wa saruji wameanza kupiga simu tena. Ng'wandu alimtafutia Minza dereva, kijana mzuri tu, Minza akamrudisha. Anasema gari lililomlaza mtu wake hatalikabidhi kwa mtu wa nje alizoee. Anaendesha mwenyewe. Amejifunza kwangu, na mwalimu kama mimi hayuko hata jeshini. Mbele anakwenda vizuri kuliko wewe. Haparamii mashimo, habishani na malori, na anaongea na gari njia nzima, na siku hizi hakuna anayemshangaa.

Tabu iko kwenye kurudi nyuma. Tela ukilirudisha nyuma usukani unaukata kinyume, unataka mkia uende kulia unakata kushoto, na akili ya mtu inakataa. Ameshabomoa choo cha jirani. Ameshalaza uzio wa muuza mkaa. Mafundi wakimwona anaingia saiti wanapanda juu ya mchanga kuangalia, wanapiga makofi. Mimi nakaa kiti cha pembeni napiga kelele, "Kinyume, mayu! Kinyume!" Na yeye, "Kinyume cha wapi, nawe si unasema kinyume kila upande!" Tunatukanana mpaka watu wanadhani tumerithi ugomvi wako.

Nilijiwekea sharti na sijamwambia mtu. Siku Minza atakayoingiza tela lililojaa kwenye geti la mteja, kinyumenyume, bila kugusa nguzo, siku hiyo naacha kukukasirikia. Yaani naacha kabisa, nakuacha ulale. Atakuwa hahitaji tena mtu wa kumkalia pembeni, na hasira yangu haitakuwa na kazi.

Sasa jana, Maduhu. Jana alikuwa anarudisha kwenye geti jembamba kweli kweli, na tela likaanza kuingia. Limenyooka. Nusu yake ilikuwa imeshapita, nguzo huku, nguzo huku, Minza amebana meno, hata hasemi na gari. Alikuwa anaweza. Na mimi nikajisikia nampigia kelele, "Kushoto! Kata kushoto!"

Akakata. Akagonga nguzo.

Alinigeukia akanitazama, hakunitukana. Nadhani alijua. Akaingiza gia ya kwanza, akavuta mbele, akasema tutarudia kesho.

Leo nitamwelekeza sawasawa. Naahidi, mbele ya gari lako na dole gumba lako lililoko kwenye sabuni.

Kwaheri, shemeji.

Kulwa, kaka wa Minza